Kufundisha Mada ya Mzio: Mwili Unapomdhania Mgeni Kuwa Adui

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka mmoja uliopita nilipangiwa kuwakagua wanachuo waliokuwa katika shule moja ya msingi upande wa Mbagala, wilayani Temeke. Siku hiyo mwanachuo niliyemkagua alikuwa akifundisha mada ya chakula bora katika Darasa la Tano. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na zana zake zilikuwa vitu halisi: mayai, maharage, dagaa, na sufuria ya uji uliochanganywa na unga wa karanga, ili kila mwanafunzi aonje na kutaja kundi la chakula. Kikombe kilipomfikia mtoto mmoja wa kiume, alisita, kisha akasema, "Mwalimu, mama amenikataza karanga. Zinanidhuru." Mwanachuo akamjibu kwamba uji hujenga mwili wala si sumu, na kwamba aache kudeka mbele ya wenzake. Mtoto akanywa mafunda mawili.

Dakika kumi hazijapita, midomo yake ilikuwa imevimba, shingo imejaa mabaka yaliyoinuka, naye akivuta pumzi kwa sauti kama ya filimbi. Tulimpakia katika bajaji mpaka kituo cha afya. Huko alichomwa sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, na kwa rehema ya Mungu akapona. Niliporudi shuleni jioni kuchukua mkoba wangu, niliikuta fomu ya tathmini juu ya dawati la nyuma nilipokuwa nimeketi. Mbele ya kipengele cha usimamizi wa darasa nilikuwa nimekwisha kuandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Mwalimu ana msimamo; hakuyumbishwa na mwanafunzi mbishi."

Makala haya yameandikwa kwa sababu ya sentensi hiyo. Mwanachuo yule hakuwa mkatili wala mvivu. Alikosa maarifa, na maarifa hayo sisi wakufunzi hatukuwa tumempa. Nami niliyekuwa nyuma ya darasa sikuwa nayo ya kutosha kunyanyua mkono. Nakusudia basi kueleza mambo matatu: mzio ni nini na mwili hufanya nini unapotokea; ni kwa njia gani mwalimu aweza kuifundisha mada hii pasipo kuwatatiza wanafunzi; na ni upi wajibu wa mwalimu dharura inapozuka.

Maana ya neno

Wanafunzi wetu wengi wa mjini hutumia neno "aleji". Kiswahili kina neno lake, mzio, nalo ni kongwe kuliko matumizi yake ya kitabibu. Wazee wa pwani waliposema kwamba samaki fulani ni mzio wa mtu fulani, walikuwa na maana ya chakula ambacho mtu huyo hujizuia nacho kwa kuwa kinamdhuru, maana iliyo jirani na ile ya mwiko. Mwalimu asilipite neno hili upesi. Ndani yake tayari mna nusu ya somo: kwamba dhara si la samaki, bali ni la mtu na samaki wanapokutana. Samaki yule yule ni kitoweo kizuri kwa jirani.

Sayansi ya jambo hili haina umri mrefu. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walitoa habari za mbwa waliowadunga sumu kidogo ya mnyama wa baharini mwenye minyiri. Walitazamia kwamba mbwa aliyekwisha kupona angekuwa ameizoea sumu. Mambo yakawa kinyume. Majuma kadhaa baadaye mbwa mzima aliyedungwa tena kiasi kidogo alikufa katika muda usiotimia nusu saa. Hali hiyo wakaiita anafilaksisi, na Richet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mwaka 1906 naye Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa mjini Vienna, alitunga kutokana na Kigiriki neno ambalo leo twalitamka aleji, lenye maana ya mwitiko uliobadilika. Yafaa tuishike fikra hii ya kubadilika, maana ndiyo shina la mada nzima. Mtu hazaliwi akiwa na mzio wa karanga uliokwisha kukamilika. Mwili wake hukutana na karanga, hujifunza kuzichukia, na hapo ndipo hubadilika.

Jinsi mwili unavyofanya kazi

Kila mwanafunzi wa Dar es Salaam anawajua sungusungu, ulinzi wa wananchi ulioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na baadaye ukaenea mijini. Mfano huu nimeujaribu darasani mara nyingi, nao huwasaidia wanafunzi kuliko mchoro.

Tuseme kijana mpole anakuja Tandika usiku kumsalimu shangazi yake. Mlinzi mmoja anamdhania kuwa mwizi. Hamkamati, bali anaandika sura yake na mavazi yake, kisha anagawa nakala kwa walinzi wote wa mtaa, na kila mmoja anakaa kwenye kona yake akiwa na karatasi mkononi na filimbi mdomoni. Kijana analala kwa shangazi, asubuhi anaondoka, wala hakuna aliyesikia lolote. Baada ya mwezi anarudi. Safari hii anaonekana na walinzi mia kwa pamoja. Filimbi zinalia, njia zinafungwa kwa magogo, maji yanamwagwa barabarani ili mwizi ateleze, na watu wanajazana vichochoroni. Mtaa unapata hasara kubwa, na hasara hiyo haikuletwa na mgeni bali na walinzi.

Ndivyo ilivyo katika mwili. Mgeni ni protini ya karanga, ya kamba wa baharini, ya yai, ya kinyesi cha utitiri wa vumbi, au ya sumu ya nyuki. Tumwite kiamsha mzio. Mara ya kwanza chembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili ya aina iitwayo E, ambayo ndiyo karatasi yenye sura ya mgeni. Aina hii ilitambuliwa mwaka 1966 na mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani. Watafiti wa Uppsala nchini Sweden nao waliifikia kwa njia yao karibu na wakati huo huo. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli maalumu zinazokaa chini ya ngozi, puani, katika mapafu na katika kuta za utumbo. Wataalamu huziita seli masti. Ndani yake mna punje nyingi zilizojaa kemikali, na iliyo mashuhuri miongoni mwa kemikali hizo ni histamini. Seli hizo ndizo walinzi, na histamini ndiyo filimbi.

Mgeni anaporudi na kuzigusa kingamwili mbili zilizo jirani juu ya seli moja, seli humwaga punje zake katika dakika chache. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja maji, na hapo huonekana wekundu na uvimbe. Neva za ngozi huamshwa, na mtu huwashwa. Pua na macho hutoa maji. Misuli inayozunguka vijia vya hewa mapafuni hukaza, na kifua hubana. Utumbo hujikunja, na mtu hutapika au huharisha. Mambo haya yakitokea mwili mzima kwa pamoja, mishipa hulegea kiasi kwamba shinikizo la damu huporomoka, na ubongo na moyo hukosa damu ya kutosha. Hiyo ndiyo anafilaksisi, na ndiyo iliyokuwa ikimnyemelea mtoto wetu wa Mbagala.

Wanafunzi werevu huuliza: kwa nini Mungu, au maumbile, yaliweka silaha kali namna hii ndani yetu? Jibu lililo karibu zaidi ni minyoo. Kingamwili ya aina E hufanya kazi katika vita dhidi ya vimelea vikubwa visivyoweza kumezwa na chembe moja ya damu, kama vile minyoo na kichocho. Katika mzio silaha iliyokusudiwa adui hao huelekezwa kwa karanga.

Yanayofanana na mzio lakini siyo

Hapa ndipo wanafunzi, na walimu pia, hupotea. Si kila kiwashacho ni mzio. Nimeona yafaa kuyatofautisha mambo haya kwa mifano minne ambayo mtoto wa Temeke au Kinondoni anaijua.

Kwanza, upupu. Manyoya ya ganda lake hupenya ngozi na kuingiza kimeng'enya kinachowasha. Humwasha kila mtu, tena mara ya kwanza anapoyagusa. Mwili haukukosea lolote, umechomwa kweli.

Pili, vibua au jodari waliokaa juani. Samaki hawa wakitoka soko la Feri asubuhi na kusafiri ndani ya ndoo pasipo barafu mpaka Mbagala au Tegeta, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini. Mlaji hupata wekundu usoni, kichwa kuuma, vipele na mapigo ya moyo ya haraka, dalili zile zile za mzio, kwa kuwa kemikali ni ile ile. Lakini hapa filimbi imeletwa kutoka nje, haikupulizwa na mlinzi. Waliokula sehemu ile ya samaki kwa kiasi cha kutosha huugua pamoja, na kupika hakuiondoi histamini. Mtu akiambiwa kwamba ana mzio wa samaki kwa sababu ya vibua wa namna hii, atajinyima chakula bora maisha yake yote bila sababu.

Tatu, maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hukosa kimeng'enya cha kutosha cha kusagia sukari iliyomo katika maziwa, kwa hiyo tumbo huunguruma na kuharisha. Hilo ni suala la usagaji wa chakula, wala ulinzi wa mwili haumo; ndiyo maana wengi wao huweza kunywa maziwa mgando bila shida. Mzio wa kweli wa maziwa ni jambo jingine. Huwapata zaidi watoto wachanga, hutokana na protini, na tone dogo laweza kutosha.

Nne, mwasho wa klorokwini. Sisi tuliokuwa watoto kabla ya mwaka 2001, dawa hiyo ilipoachwa kuwa chaguo la kwanza la kutibu malaria nchini Tanzania, twaukumbuka usiku wa kujikuna pasipo kipele hata kimoja. Wengi walisema wana mzio wa klorokwini. Kwa walio wengi haukuwa mzio, kwani dawa yenyewe huzigusa moja kwa moja neva za mwasho. Kinyume chake, dawa zenye salfa huweza kuleta mzio wa kweli, mara nyingine wenye vidonda mdomoni na ngozi kubambuka. Anayepatwa na hali hiyo hana budi kumtaja mganga jina la dawa hiyo kila anapotibiwa.

Kutokana na mifano hii twapata maswali matatu ambayo mwanafunzi aweza kuyatumia popote. Je, jambo hili humpata kila aliyekutana na kitu hicho, au mmoja tu kati ya wengi? Je, lilitokea mara ya kwanza kabisa, au baada ya mwili kukijua kitu hicho? Je, kiasi kidogo sana chatosha? Mzio huchagua mtu, huhitaji mwili uwe umekwisha kukijua kitu hicho, na hutosheka na kidogo. Mwalimu aongeze tahadhari moja: mtoto huweza kukutana na protini ya karanga au yai bila mtu kujua, hata kwa kuguswa na mikono ya wengine, hivyo "mara ya kwanza" anayoikumbuka mama huenda siyo ya kwanza kwa mwili. Mfano wa klorokwini nao watuonya kwamba maswali haya ni fimbo ya kupapasia njia, si hukumu ya mganga.

Mzio wa polepole

Uko mzio wa aina nyingine ambao hautumii kingamwili ya aina E. Chembe nyeupe zenyewe hukumbuka kitu kilichogusa ngozi, na zikikutana nacho tena hukusanyika taratibu, kwa siku moja hadi tatu. Kwa hiyo mgonjwa hukumbuka alichokula jana akasahau alichogusa juzi.

Mfano wa karibu ni mkorosho. Mafuta ya ganda la korosho yakiwa mengi huunguza ngozi ya yeyote. Lakini wako ambao, baada ya kuyazoea, hupata malengelenge kwa mguso mdogo tu. Mwembe ni ndugu wa mkorosho katika ukoo wa mimea, na utomvu wa ganda la embe una kemikali za jamii hiyo hiyo. Mtoto aliyemenya maembe kwa meno siku ya Jumamosi huja shuleni Jumatatu akiwa na vipele kuzunguka mdomo, na wenzake hudai kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Mwingine ni mzio wa piko. Hina halisi haina shida kwa watu walio wengi, lakini piko jeusi mara nyingi hutiwa rangi ya kemikali ya nywele, na rangi hiyo imewaachia mabibi harusi wengi malengelenge yenye umbo la maua yale yale waliyochorwa. Baadhi ya mafundi wa ujenzi nao hupata mzio wa kromi iliyomo katika saruji, na wapo wasioweza kuvaa hereni zenye nikeli.

Pumu na mazingira ya vitongoji vyetu

Mzio unaomgusa mwalimu kila siku ni ule unaoandamana na pumu. Si kila pumu hutokana na mzio, lakini kwa watoto wengi mambo hayo mawili hufuatana. Hali ya hewa ya Dar es Salaam, yenye joto na unyevu, huwapendeza utitiri wa vumbi wanaokaa ndani ya magodoro na mito, wakila chembe za ngozi zinazotupukutika. Mende katika vyumba vya kupanga na ukungu ukutani wakati wa masika huongeza idadi ya viamsha mzio.

Hapa pia mwanafunzi afundishwe kutofautisha. Moshi wa mkaa, moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma, takataka zinazoungua, vumbi la barabara na vumbi la chaki kwa kawaida si viamsha mzio, bali ni viudhi. Humkwaruza kila mtu, ila mwenye pumu humkwaruza mahali ambapo tayari pamevimba.

Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wa Muranga vijijini nchini Kenya, ukaonyesha kwamba kubanwa kifua baada ya kukimbia kulikuwa kwingi zaidi kwa watoto wa mjini. Nchini Gabon, utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ngozi za watoto wenye kichocho ziliitika kidogo zaidi kwa utitiri wa vumbi kuliko za watoto wasio nacho, na mwingine wa mwaka 2004 ukaonyesha kwamba kuwatibu watoto minyoo kwa muda mrefu kuliongeza mwitiko huo. Yaelekea ulinzi usiokuwa na adui wa zamani hutafuta kazi nyingine. Lakini mwalimu aseme kwa sauti iliyo wazi kwamba hii si sababu ya kukataa dawa za minyoo zinazotolewa shuleni. Minyoo na kichocho huleta upungufu wa damu na kudumaza watoto.

Namna ya kuifundisha mada hii

Napendekeza vipindi viwili vinavyofuatana, katika darasa la tano au la sita.

Shabaha: mwisho wa vipindi hivyo mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake tofauti kati ya mzio na kudhurika kwa kawaida; kutaja dalili za hatari; na kumsaidia mwenzake kwa kuita mtu mzima bila kukawia.

Zana: kadi sita za visa, filimbi moja, na karatasi za kuchora sura. Naonya kwa mkazo: karanga, korosho, mayai, upupu wala kitu kingine chochote cha kuonja au kugusa kisiletwe darasani kwa ajili ya somo hili. Sisi twapenda zana halisi, na kwa kawaida twafanya vema. Katika mada hii zana halisi ni hatari, na hakuna jaribio la mzio linalofanywa na mwalimu.

Hatua ya kwanza. Darasa ligawanywe katika vikundi, kila kikundi kipewe kadi yenye kisa kifupi: upupu, vibua, maziwa, karanga, embe, na nyuki. Kadi ya nyuki ni nzuri hasa, kwa kuwa ina majibu mawili. Mtu yeyote akiumwa na nyuki huvimba pale alipoumwa. Bali yuko ambaye huvimba macho na kuishiwa pumzi ingawa ameumwa kidoleni.

Hatua ya pili. Vikundi vitumie maswali matatu tuliyoyataja, viamue kama kisa ni mzio au siyo, na vitoe sababu. Mwalimu asiharakishe kusahihisha. Mabishano ndiyo somo.

Hatua ya tatu. Igizo la sungusungu, nje ya darasa, likichezwa mara mbili: ziara ya kwanza iliyo kimya, na ya pili yenye filimbi. Baada ya igizo mwalimu aulize mfano huu unaishia wapi. Jibu analolitafuta ni kwamba mlinzi wa mtaani ana akili na aweza kuonywa, lakini seli haina akili. Kwa hiyo mtoto hawezi kuushinda mzio kwa ujasiri, kwa mazoea, wala kwa kulazimishwa.

Hatua ya nne. Tathmini isiwe ya kukariri. Kwa mfano: "Baba, mama na watoto watatu wa Bunju walikula vibua usiku. Wote wakawa wekundu usoni na kuumwa kichwa. Jirani akasema ukoo mzima una mzio. Je, unakubaliana naye?"

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi aulize wazazi wake kama yumo nyumbani mtu mwenye mzio, na walijuaje. Majibu yaletwe kwa mwalimu kwa maandishi, wala yasisomwe mbele ya darasa, maana mtoto mwenye pumu au vipele ana masimango ya kutosha tayari. Kutokana na majibu hayo mwalimu wa darasa aandike daftari dogo la majina, vitu vya kuepukwa, na namba ya simu ya mzazi.

Wajibu wa mwalimu dharura inapotokea

Dalili za ngozi peke yake, bila shida nyingine, kwa kawaida huweza kusubiri mzazi huku mtoto akiangaliwa kwa makini. Lakini zikiungana na kuhema kwa shida, sauti kukauka, ulimi kuvimba, kutapika mfululizo, au kizunguzungu, mwalimu asingoje.

1. Kiondolewe kinachodhuru, na mtoto asipewe maziwa, asali wala chakula chochote kwa nia ya "kuua sumu".

2. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa, kwani shinikizo la damu laweza kuporomoka ghafla.

3. Apelekwe mara moja kwenye kituo cha tiba chenye adrenalini. Vidonge vya kuzuia mwasho hupunguza kujikuna, lakini havifungui koo wala havipandishi shinikizo la damu. Anayesubiri vidonge vifanye kazi anapoteza dakika ambazo hazirudi.

4. Hata akipata nafuu, aendelee kuangaliwa kituoni, kwa kuwa dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kwa mwenye pumu, kipulizio chake kikae mahali anapoweza kukifikia, si ndani ya kabati lililofungwa la ofisi. Watoto wadogo hushindwa kuvuta dawa sawasawa, nayo huishia kinywani. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako ili kipulizio kikae sawasawa, huwasaidia watoto kuvuta dawa vizuri kama vifaa vya dukani. Mwalimu na mzazi waweza kuitengeneza kwa kufuata maelekezo ya mganga wa kituo cha afya kilicho karibu.

Yapo pia mambo madogo yasiyo na gharama. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Mwenye pumu apewe zamu ya kumwagilia maua badala ya kufagia au kufuta ubao. Na takataka zisichomwe wakati wa masomo.

Hitimisho

Siku ya pili baada ya tukio lile, mama wa mtoto alifika shuleni. Tulikuwa watatu: mwalimu mkuu, mwanachuo na mimi. Tulijiandaa kwa lawama, nazo tulizistahili. Hakugomba. Aliuliza neno moja tu: "Mwalimu, tangu ana miaka minne nimemfundisha kusema. Je, alisema?" Mwanachuo akainamisha kichwa, akajibu, "Alisema, mama."

Mama yule alikwisha kufanya kazi yake ya ualimu, na mwanafunzi wake alifaulu. Sisi ndio tulioshindwa. Tangu siku hiyo, katika semina ya kuwaandaa wanachuo kwa mazoezi ya kufundisha, huwapa kanuni moja ambayo naiweka pia mbele ya wakufunzi wenzangu: mwanafunzi akisema kwamba kitu fulani kinamdhuru, mwalimu aamini kwanza, achunguze baadaye. Ikiwa mtoto amedanganya, shule imepoteza kikombe kimoja cha uji. Fomu ile ya tathmini sikuichana. Niliikata sentensi yangu kwa mstari mmoja, ili iendelee kusomeka, nikaandika chini yake: "Mwanafunzi alitoa taarifa sahihi. Mwalimu na mkaguzi hawakusikiliza."